Fueli za Roketi na Ganda la Korosho

Mji wa Newala umejengwa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Mtu akisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huiona ardhi ikikatika ghafla mbele ya miguu yake, na mbali chini bonde la mto Ruvuma likienea kuelekea Msumbiji. Udongo wa uwandani ni wa kichanga; mvua hunywewa mara inaponyesha, na chemchemi hujitokeza chini ya mteremko. Kwa sababu hiyo, kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa katika miaka ya 1950, wakazi wengi wa huko walilazimika kuteremka bondeni kufuata maji, kisha kuyapandisha kichwani.

Katika safari ile ya maji mna kanuni moja kubwa ya sayansi. Achukuliwe mchotaji apandaye na lita 20. Jua likimchoma na kiu ikamshika, hana maji mengine ila yale aliyoyabeba. Basi hunywa kidogo na kuendelea. Mlima ukiwa mrefu zaidi, atakunywa zaidi. Ikiwa nyumbani yanahitajika maji yale yale, hana budi kuanza na chombo kikubwa zaidi. Lakini chombo kikubwa ni kizito zaidi, na uzito huo humwongezea uchovu na kiu. Hivyo sehemu ya maji aliyobeba ni maji ya kubebea maji.

Roketi nayo imo katika tabu hiyo hiyo. Fueli iliyomo katika matangi yake haiinui chombo peke yake; inainua pia fueli nyingine ambayo bado haijaungua. Ndiyo maana wanakemia wametumia miaka mingi kutafuta fueli iliyo na nishati nyingi katika uzito mdogo na nafasi ndogo. Makala haya yanaeleza jinsi fueli za namna hiyo zinavyobuniwa kutokana na hidrokaboni, yaani michanganyiko ya kaboni na hidrojeni, na kwa nini jambo hilo linahusu hata ganda la korosho linalotupwa Masasi na Newala.

Uzito unaobeba uzito

Mtu wa kwanza kuieleza kanuni hii kwa hesabu zilizokamilika na kuihusisha na safari za angani alikuwa mwalimu wa shule wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky. Katika maandishi yake ya mwaka 1903 alionyesha kwamba mwendo wa mwisho wa roketi hutegemea mambo mawili: kasi ya gesi zinazotoka nyuma yake, na uwiano wa uzito wake wa mwanzo kwa uzito wake fueli inapokwisha. Uwiano huo hauingii katika hesabu moja kwa moja, bali kwa njia ya logi. Maana yake ni hii: roketi ambayo uwiano wake ni 2 hupata mwendo fulani, ili mwendo huo uwe maradufu, uwiano sharti uwe 4, ili uwe mara tatu, uwiano sharti ufike 8. Kila hatua ya mwendo hudai uzito unaozidi kuumuka.

Kuzunguka dunia karibu na uso wake kunahitaji mwendo wa kilomita 7.8 hivi kwa sekunde. Ukiongezwa mwendo unaopotea kwa kushindana na uvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, jumla huwa yapata kilomita 9.4 kwa sekunde. Gesi zitokanazo na mafuta ya taa yaliyounguzwa kwa oksijeni hutoka katika injini nzuri kwa kasi ya kilomita 3.3 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi akifanya hesabu ataona kwamba uwiano unaotakiwa ni karibu 17. Yaani katika kila tani 17 zinazoondoka ardhini, tani 16 ni fueli na oksijeni. Tani moja tu iliyobaki ndiyo matangi, injini, vyombo na abiria. Kwa kuwa hilo ni gumu mno kutimizwa na chombo kimoja, roketi hujengwa kwa vipande, na kila kipande hutupwa kikisha kazi yake.

Hapa pana tofauti moja kubwa kati ya roketi na lori linalopanda kutoka Masasi kwenda Newala. Lori hubeba dizeli peke yake, na oksijeni ya kuunguzia hulipata hewani. Roketi huenda mahali pasipo na hewa, kwa hiyo hubeba vyote viwili. Kwa kila kilo moja ya mafuta ya taa, roketi hubeba zaidi ya kilo mbili za oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Mbunifu wa fueli anapookoa gramu moja katika molekuli, faida yake huonekana katika chombo kizima.

Kilo na lita

Swali la kwanza ni hili: je, nishati ya fueli ipimwe kwa kilo au kwa lita? Wafanyabiashara wa zamani waliopakia sufi na korosho wangelijibu upesi. Lori la sufi hujaa hadi juu kabla halijafikisha uzito linaoruhusiwa. Lori la korosho hufikisha uzito mapema zaidi. Mzigo wa kwanza hushindwa kwa nafasi, wa pili kwa uzito. Roketi hukabiliwa na mipaka yote miwili kwa wakati mmoja. Jedwali hili linalinganisha fueli tano. Safu ya kwanza ni megajuli kwa kila kilo, ya pili ni densiti, yaani kilo katika kila lita, na ya tatu ni megajuli kwa kila lita. Tarakimu zote ni za makadirio.

Hidrojeni kimiminika: 120, 0.07, 8.5
Methani kimiminika: 50, 0.42, 21
Mafuta ya taa ya roketi: 43, 0.81, 35
Sintini: 44, 0.85, 37
JP-10: 42, 0.94, 39.5

Hidrojeni ndiyo sufi ya jedwali hili. Kwa kilo haina mfano. Tena gesi zake ni nyepesi, na gesi nyepesi hutoka kwa kasi kubwa zaidi. Lakini ni nyepesi mno kwa lita, hata tangi lake huwa kubwa kupita kiasi, na tangi nalo lina uzito. Isitoshe, sharti ihifadhiwe katika baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri.

Methani imesimama katikati. Ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay, mkoani Mtwara, mwaka 1982, ambayo baadaye ilianza kuzalisha umeme kwa mikoa ya Mtwara na Lindi. Tarehe 12 Julai 2023 roketi ya China iitwayo Zhuque-2 ilikuwa ya kwanza iendeshwayo kwa methani kufika katika njia ya kuizunguka dunia. Hata hivyo methani nayo haiwi kimiminika mpaka ipozwe sana. Fueli inayokaa katika pipa la kawaida, juani na kivulini, sharti itafutwe miongoni mwa hidrokaboni zilizo nzito zaidi.

Mafuta ya taa yaliyosafishwa

Roketi ya kwanza ya fueli kimiminika ilirushwa na Mmarekani Robert Goddard tarehe 16 Machi 1926, nayo iliunguza petroli kwa oksijeni kimiminika. Baadaye mafuta ya taa yalichukua nafasi ya petroli. Ni yale yale yanayoungua katika kibatari, isipokuwa yamechaguliwa na kusafishwa kwa uangalifu mkubwa. Wamarekani huyaita RP-1. Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na lita zipatazo 770,000 za mafuta hayo katika kipande chake cha kwanza, na yote yaliungua kwa muda usiofika dakika tatu.

Kwa nini mafuta ya taa ya dukani yasifae? Kila aliyesoma kwa kibatari anajua kwamba utambi ukipandishwa sana, moto hutoa moshi na chungu cha taa hujaa masizi. Masizi ni kaboni ambayo haikupata oksijeni ya kutosha. Katika injini ya roketi, fueli hupitishwa kwanza katika mirija myembamba inayozunguka chumba cha moto ili kuipoza injini, ndipo iingie kuungua. Ikiwa ndani yake mna salfa, au molekuli zenye vifungo-mbili kati ya kaboni na kaboni, au pete za aina ya benzini, joto huzifanya molekuli hizo zishikamane na kuganda kama lami. Mirija huziba, na injini hupasuka. Kwa hiyo RP-1 huondolewa salfa karibu yote, na molekuli zenye vifungo-mbili na zile za benzini hupunguzwa hadi kiasi kidogo sana. Msomaji na alishike jambo hili, kwa kuwa litarudi ganda la korosho litakapozungumziwa.

Fomula moja, maumbo mengi

Usafishaji huondoa ubaya, lakini hauongezi nishati. Ili kuongeza nishati, mwanakemia huacha kuchuja alichopewa na ardhi, akaanza kujenga molekuli mwenyewe. Mfano mzuri ni fomula C10H16, yaani atomi 10 za kaboni na 16 za hidrojeni.

Harufu ya ganda la chungwa linapomenywa hutokana zaidi na limonini, na fomula ya limonini ni C10H16. Tapentaini itokayo katika utomvu wa misonobari ina pinini, na fomula yake ni C10H16. Fueli iitwayo JP-10, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya makombora yanayoruka kwa injini za ndege, nayo ni C10H16. Na fueli iitwayo sintini, iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovyeti kwa ajili ya roketi, ni C10H16 vilevile. Idadi ya atomi ni moja. Tofauti ni namna zilivyoshikana. Kama vile matofali yale yale yawezavyo kujenga ghala au mnara, ndivyo atomi hizo zijengavyo vitu vyenye densiti na nishati mbalimbali.

Katika JP-10 atomi zimefungamana katika pete tatu zilizobanana kama vitanzi vya kikapu. Kwa kuwa molekuli ni ya mviringo na haina mikia mirefu, molekuli nyingi hukaa katika nafasi ndogo. Lita moja ina uzito wa kilo 0.94, karibu na maji. Kwa kilo, JP-10 haiyazidi mafuta ya taa. Ushindi wake wote umo katika lita. Kwa kombora ambalo tumbo lake haliwezi kupanuliwa, lita ndiyo inayohesabika.

Sintini ilifuata njia nyingine. Ina pete tatu pia, lakini kila pete ni ya atomi tatu tu za kaboni, yaani pembetatu. Atomi ya kaboni iliyoshikwa na nyingine nne hupendelea vifungo vyake viachane kwa pembe ya nyuzi 109.5. Katika pembetatu hulazimishwa kukaa kwa nyuzi 60. Vifungo hivyo hubaki vimepindwa kama fimbo ya mtego wa panya: mtego ukifyatuka, nguvu iliyotumika kuikunja fimbo hutoka yote. Vivyo hivyo, sintini inapoungua, hutoa nishati ya kawaida ya kaboni na hidrojeni, na juu yake ile iliyofichwa katika mkunjo. Ndiyo sababu katika jedwali inaizidi JP-10 kwa megajuli mbili hivi kwa kilo, ingawa fomula zao hazitofautiani hata kwa atomi moja.

Wanakemia wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1964 Philip Eaton na Thomas Cole wa Chuo Kikuu cha Chicago walitengeneza kubani, C8H8, ambayo kaboni zake nane zimekaa katika pembe za mchemraba kamili. Vifungo vyake vyote vimekunjwa kwa nyuzi 90, na densiti yake inafika 1.29. Lakini kubani ni kitu kigumu, haimiminiki, na kuitengeneza ni kazi ndefu na ya gharama. Mwaka 2022 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, walionyesha njia iliyo tofauti kabisa: walitumia bakteria wa jamii ya Streptomyces, wanaoishi katika udongo, kutengeneza minyororo ya mafuta iliyosheheni pete za kaboni tatu-tatu. Kwa hesabu zao, fueli za jamii hiyo zinaweza kupita megajuli 50 kwa lita.

Masharti ya mbunifu

Ni dhahiri basi kwamba nishati si sharti la pekee. Fueli isigande katika baridi ya angani, isiwe nzito kama asali hata ishindwe kupita katika mirija, isijilipukie yenyewe, isiwadhuru wanaoishika, na bei yake iweze kulipika. Mara nyingi sharti moja hupingana na lingine. Mnyororo mrefu ulionyooka wa kaboni una hidrojeni nyingi, lakini minyororo iliyonyooka hujipanga sambamba kama kuni katika mzigo, nayo huganda mapema na kuwa nta. Pete na matawi huvuruga mpangilio huo na kuzuia kuganda. Pete ndogo huongeza nishati, lakini kila pete huongeza hatua za kazi kiwandani.

Historia ya sintini ni funzo la bei. Ilitumika katika roketi za Soyuz-U2 kuanzia mwaka 1982. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika, gharama yake haikuweza kubebwa tena, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 roketi hizo ziliachwa na mafuta ya taa ya kawaida yakarudi.

Funzo kama hilo limo katika Afrika yenyewe. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka kaskazini mwa Shaba, nchini Zaire, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wahandisi wake hawakutafuta fueli yenye nishati nyingi kuliko zote. Walichagua mafuta ya jamii ya dizeli na mafuta ya taa pamoja na asidi ya naitriki, vitu rahisi vinavyohifadhika bila kupozwa, wakakusudia kufidia upungufu kwa kufunga pamoja mabomba mengi ya namna moja. Moto wa kwanza uliwashwa kwa alkoholi ya fufurili, ambayo huwaka yenyewe mara ikutanapo na asidi hiyo. Na asili ya kemikali hiyo ni magunzi ya mahindi na mabaki mengine ya mazao. Mradi ulifungwa huko Zaire mwaka 1979 kwa sababu za kisiasa. Lakini hoja yake imebaki: fueli bora ni ile inayolingana na kazi, mfuko na mali ghafi iliyopo.

Kilichomo ndani ya ganda

Mali ghafi iliyopo Masasi na Newala ni nini? Jibu liko chini ya kila mkorosho. Mti huo uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na mchanga wa kusini ukaupokea vizuri. Punje ya korosho imezungukwa na ganda lenye vitundu kama sifongo, na ndani ya vitundu hivyo mna mafuta mazito ya rangi ya kahawia, ambayo ni takriban robo ya uzito wa ganda. Wabanguaji wanayafahamu kwa maumivu: yakigusa mkono usiokingwa, ngozi huungua na kuambuka. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake huwasha kwa sababu ya kemikali za jamii hiyo hiyo.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi. Yakichemshwa, asidi hiyo hutoa kaboni dioksaidi na kubaki kadanoli. Molekuli ya kadanoli ina kaboni 21: sita zimefanya pete ya benzini, na 15 zimefanya mkia mrefu. Juu ya pete imekaa atomi moja ya oksijeni pamoja na hidrojeni yake. Katika mkia, kwa kadiri ya molekuli, huwamo kifungo-mbili kimoja, viwili au vitatu, au kisiwepo kabisa. Kwa ufupi, ni hidrokaboni ndefu iliyobebeshwa oksijeni kidogo.

Mtu akiitazama molekuli hiyo kwa jicho la mbunifu wa fueli ataona kasoro tatu na nafasi moja. Kasoro ya kwanza ni oksijeni. Atomi iliyokwisha kuungana na oksijeni ni kama ukuni ulioanza kuungua. Nishati yake imepungua. Katika kilo moja ya kadanoli, gramu 53 hivi ni oksijeni isiyoleta faida. Kasoro ya pili ni pete ya benzini pamoja na vifungo-mbili, vile vile vinavyokatazwa katika RP-1 kwa kuwa huziba mirija. Kasoro hizi mbili zina dawa inayojulikana: mafuta hupashwa moto pamoja na hidrojeni yenye kani kubwa, penye kichocheo cha metali. Oksijeni huondoka ikiwa maji, na mahali palipokuwa na vifungo-mbili hujazwa hidrojeni. Kinachobaki ni hidrokaboni tupu, C21H42, yenye pete moja na mkia.

Hapo ndipo kasoro ya tatu inapojitokeza. Mkia wa kaboni 15 uliokwisha kunyooshwa hujipanga na wenzake, na kimiminika huelekea kuwa nta hata katika joto la kawaida la chumba. Fueli ya namna hiyo ingeganda katika tangi kabla ya roketi kuondoka. Kwa hiyo mkia sharti ukatwe vipande au utiwe matawi, kama wafanyavyo wasafishaji wa mafuta ya petroli.

Nafasi iliyopo imo katika vile vifungo-mbili vya mkiani. Badala ya kuvijaza hidrojeni yote, mwanakemia anaweza, kwa nadharia, kuongeza kaboni moja juu ya kila kifungo-mbili na kufanya pembetatu, ile ile iliyoipa sintini nguvu zake. Pembetatu hizo zingeongeza nishati na kuvuruga mpangilio wa mikia. Hatua hiyo ina gharama, na hakuna roketi iliyokwisha kuruka kwa fueli ya aina hiyo. Lakini wazo lenyewe si ndoto. Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 watafiti wa India, nchi inayobangua korosho kwa wingi, waliijaribu kadanoli ikiwa imechanganywa na hidrokaboni nyingine, wakitafuta fueli iwakayo yenyewe ikikutana na asidi ya naitriki. Na mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walikuwa wameunganisha molekuli mbili-mbili za pinini ya misonobari, wakapata fueli yenye densiti inayokaribia ile ya JP-10. Kinachowezekana kwa utomvu wa msonobari hakiwezi kupuuzwa kwa ganda la korosho.

Kinachoondoka pamoja na gunia

Katika miaka ya 1970 viwanda vikubwa vya kubangulia korosho vilijengwa kusini, vikiwemo vya Masasi na Newala. Msimu wa 1973/74 taifa lilikusanya karibu tani 145,000 za korosho. Baadaye mavuno yaliporomoka, na viwanda vingi vikasimama. Mavuno yalipopanda tena, sehemu kubwa ya korosho iliendelea kusafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Katika gunia la kilo 100 za korosho ghafi, ganda ni kilo zipatazo 70, na katika ganda hilo mna kilo 15 au zaidi za mafuta. Anayenunua gunia hununua punje. Mafuta huondoka naye kama nyongeza. Huko yaendako, mafuta hayo hutengenezewa vitambaa vya breki, rangi, vanishi na gundi. Palipo na mashine za kubangulia nyumbani, mara nyingi ganda hutupwa au huunguzwa jikoni, na moshi wake mkali huwadhuru wanaoukalia.

Haifai kumwahidi mkulima wa Newala kwamba ganda lake litarusha roketi kesho. Njia kutoka ganda hadi fueli ina hatua nyingi, na kila hatua inataka hidrojeni, vichocheo, vyombo vya chuma vinavyostahimili kani, na juu ya yote watu wanaojua kemia. Yumkini faida ya kwanza itapatikana katika gundi na breki, si katika fueli. Lakini uamuzi huo sharti ufanywe na watu wanaokijua kilichomo ndani ya ganda. Asiyejua hupanga bei ya gunia kwa kutazama punje tu.

Mwalimu wa kemia hahitaji maabara kubwa ili aanze. Aweza kuwapa wanafunzi fomula ya C10H16 na vijiti na udongo wa mfinyanzi, akawaagiza wajenge molekuli nyingi kadiri wawezavyo, kisha waseme ni ipi itakayobanana vizuri katika chupa na ni ipi iliyokunjwa kwa nguvu. Aweza kuwapa mizani na chupa ya lita moja, wapime densiti ya mafuta ya taa na ya mafuta ya karanga, wailinganishe na jedwali lililotangulia. Majaribio ya asidi kali na fueli, pamoja na ya mafuta ya ganda lenyewe, yaachiwe maabara zenye vifaa vya kujikinga.

Wachotaji wa zamani wa uwandani walijua kwamba chombo chepesi kisichovuja ni bora kuliko chombo kikubwa. Mbunifu wa fueli hufanya kazi hiyo hiyo katika chombo kidogo kuliko vyote, molekuli. Mwanafunzi wa Chidya au Ndanda atakayeifahamu molekuli ya kadanoli kama bibi yake alivyoifahamu njia ya chemchemi, ndiye atakayeweza kueleza kwa nini gunia la korosho ghafi lina thamani kubwa kuliko bei inayolipwa.